Hatua Ishirini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huweka kikombe chini hata kama kahawa bado ni ya moto. Nitakusimulia. Lakini kwanza nikwambie kilichoniamshia kumbukumbu hiyo asubuhi hii.

Wewe na wenzako mna kundi lenu la wenye magari kwenye simu, nami mmeniingiza humo, sijui kwa heshima au kwa kunihurumia. Nashukuru kwa vyote viwili. Nasoma kila kitu, ingawa kuandika naandika kidogo, maana vidole vyangu ni vinene na herufi zenu ni ndogo. Leo kijana mmoja wa Saadani ameuliza: ana gari la toleo la zamani, amepata shokapu zilizotoka kwenye toleo jipya, je, zitaingia? Mwanangu, chai yangu haijapoa, watu saba wamekwisha kumjibu. "Zinaingia hizo, mkuu." "Funga tu, usiogope." "Mimi ninazo, ziko poa." Mmoja hakusema kitu, ameweka dole gumba tu lililosimama. Na wewe nimekuona, ulikuwa wa tatu. Hukumuuliza gari lake ni la mwaka gani, wala linabeba mzigo gani, wala hujawahi kuliona gari lenyewe. Nina hakika ulikuwa bado kitandani.

Sikusema neno mle ndani. Mtu mzima hamkanyi kijana mbele ya kadamnasi, na mimi nilifunzwa hivyo na mtu utakayemsikia hivi punde. Nimeona nikuandikie wewe peke yako, kwa kirefu. Ukichoka pumzika, kisha urudi.

Nilipokuwa na umri kama wako, magari hapa Bagamoyo yalikuwa ya kuhesabika. Ukisikia honi ukiwa ndani, ulijua ni ya nani na anakwenda wapi. Sisi vijana wenye magari tulikuwa na baraza letu mbele ya duka la ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tulikuwa na desturi yetu: spea mpya haikulala nyumbani kabla ya kupita barazani. Ukinunua kioo cha pembeni, kapeti, plagi, taa za ukungu, hata kifuniko cha tangi la mafuta, unakileta baada ya swala ya alasiri, unakiweka juu ya jamvi, nacho kinapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga aliyeletwa kuonwa na jamaa. Kila mtu anakishika, anakipima uzito, anatoa neno lake. Kisha kahawa inamiminwa na mambo yamekwisha.

Katika baraza lile mimi ndiye niliyekuwa nasema neno la mwisho. Nilikuwa fundi? Hasha. Nilikuwa na gari na nilikuwa na mdomo. Nilijua kutofautisha toleo la macho ya duara na toleo la macho ya pembe. Nilijua gari lipi lilitengenezwa litembee Japani kwenyewe na lipi lilipitia Uarabuni, na kwa nini la Uarabuni lina rejeta kubwa kuliko mwenzake. Yote hayo nilikuwa nimeyaokota Dar es Salaam kwa wauza spea, nikayarudia hapa kana kwamba nimeyagundua mwenyewe. Wenzangu wakanipa jina la Daktari. Jina kubwa, mwanangu, likimkuta mtu bado mchanga humharibu. Nikaanza kujibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa.

Sasa nilikuwa na rafiki, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa na bakora moja. Jina lake niache kwanza, utalijua. Alikuwa na Corolla nyeupe, na alikuwa amempenda binti mmoja wa Lugoba, kumpenda kwa kweli, kule kwa kukosa hamu ya chakula. Baba wa binti yule alikuwa amekwisha fariki, na walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa baba yake mkubwa, mtu wa biashara asiyekaa mji mmoja wiki mbili. Baada ya kuombwa sana, mzee huyo akatupa siku: Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Jioni yake angeondoka kwenda Tanga, na kurudi kwake hata mwenyewe hakukujua. Tena tulikuwa tumesikia kuwa kuna watu wengine nao wanabisha hodi katika nyumba ile ile. Kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa ndiyo, au basi.

Rafiki yangu akataka gari lipendeze. Akaenda Dar es Salaam akarudi na rimu nne za spoti, zile za kung'aa, zilizokuwa zimevuliwa kwenye gari la ukoo mmoja na lake ila la toleo lililofuata. Alhamisi alasiri akaileta moja barazani. Ilimeta juu ya jamvi hata mpita njia alisimama kutazama. Ikapita mkono kwa mkono mpaka ikanifikia. Nikaigonga kwa vifundo vya vidole, nikahesabu matundu, manne, na gari lake la matundu manne.

"Zinaingia," nikasema. "Tumia nati zako hizo hizo."

Pembeni alikuwa amekaa mjomba wake rafiki yangu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache. Akauliza, "Na hizi nati zake ziko wapi?"

"Nati ni nati, mzee wangu," nikamjibu. "Uzi ule ule, spana ile ile." Nami nikawakonyeza wenzangu. Walicheka. Mzee akanywa fundo la kahawa.

Ngoja nikueleze nilichokuwa sikijui. Nati ya rimu ya chuma ina mdomo wa mshazari, na tundu la rimu ile nalo lina mshazari, vikikutana vinakumbatiana. Rimu zile za kung'aa zilitaka nati ya aina nyingine, yenye washa bapa, kile kijipete cha chuma. Ukiifunga ile ya mshazari kwenye tundu la bapa, inaingia vizuri kabisa. Inakaza, spana inakataa kwenda, unajipangusa mikono unasema tayari. Kumbe imeshika ukingo tu. Si kosa la gari, wala la rimu, wala la aliyeiuza. Na gari la rafiki yangu lilikuwa limeegeshwa pale pale ukutani, hatua ishirini kutoka nilipokaa. Mtu yeyote ambaye angeinuka, akafungua nati moja, akaipachika kwenye tundu la ile rimu na kutazama, angeona kwa macho yake kuwa hivi viwili si mume na mke. Lakini kahawa ilikuwa mkononi, na mimi nilikuwa Daktari.

Jumamosi ikafika. Mposaji haendi kwenye posa yake, kwa hiyo rafiki yangu alibaki nyumbani kwao akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nami nikapewa usukani. Mjomba wake, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alikaa mbele, barua ya posa imefungwa kwenye leso nyeupe ndani ya koti lake. Nyuma alikaa mama yake rafiki yangu, mwanamke ambaye mji mzima ulimheshimu na mimi nikimwogopa kidogo. Siku ile alivaa buibui jipya, na harufu ya udi ikajaa gari zima.

Barabara ya kwenda Msata wakati huo ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye vijituta vinavyotikisa meno. Hamkuiendesha ninyi, mmeshika usukani mkaikuta lami. Tulipoipita Fukayosi nikaanza kusikia kitu upande wa kushoto, mbele. Tak. Tak. Tak.

"Mwanangu," mama akasema kutoka nyuma, "gari linasema."

"Ni kijiwe, mama. Kimenasa kwenye tairi."

"Si ushuke ukitazame?"

"Tutachelewa, mama."

Mjomba akanitazama, kisha akatazama saa yake. Naye alitaka tuwahi. Nikaongeza mwendo.

Gurudumu lilitoka tukiwa tunateremka. Gari likainama, likajiburuza kwenye udongo, usukani ukaniponyoka mikononi, tukasimama kando ya shimo la mfereji. Sote wazima. Lakini lile gurudumu, mwanangu, lilitutangulia. Nililiona kwa macho yangu likiteremka, limesimama wima, linaelekea kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mananasi kando ya barabara. Alikuwa ameinama kuokota nanasi chini, hakuliona. Likaikumba meza, miguu ikavunjika, mananasi yakatawanyika, na mimi nikaamini nimeua mtu.

Vumbi lilipotulia, yule mama alikuwa amesimama, nanasi mkononi, hatua moja kutoka pale meza ilipokuwa. Akalitazama gurudumu, akanitazama mimi.

"Looh! Mnaniua kwa kosa gani?"

Kabla sijafungua mlango, mama yake rafiki yangu alikuwa amekwisha kushuka. Akaenda moja kwa moja kwa yule mama, akamshika mikono yote miwili, "Pole mwanangu, pole sana," wakakaa chini pamoja kwenye majani, buibui jipya na vumbi lote.

Mimi nilifanya nini? Ninaona haya mpaka leo. Watu wakaanza kuja kutoka mashambani, nami kila aliyefika nikamwambia, "Ajali haina kinga, jamani. Ajali haina kinga." Niliposema mara ya tatu au ya nne, nikasikia naitwa.

"Labeka, mama."

"Njoo uchutame hapa." Nikachutama. Aliongea kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Siku mwanangu alipoleta chuma chake barazani, gari lilikuwa wapi?"

"Pale ukutani, mama."

"Mbali?"

"Si mbali. Kama hatua ishirini."

"Uliinuka?"

Nikaanza kupangusa vumbi kwenye magoti.

"Nakuuliza, mwanangu. Uliinuka ukaenda kulitazama?"

"Sikuinuka, mama."

"Na sasa hivi, nilipokwambia gari linasema, ulishuka?"

"Sikushuka."

"Basi usiwaambie watu ajali haina kinga. Ziko zisizo nayo. Hii ilikuwa nayo, na kinga yake ni hatua ishirini." Akatazama mananasi yaliyotawanyika. "Mwanangu alikuuliza kwa sababu anakuamini. Mtu akikutaka shauri amekuwekea amana. Wewe umeila."

Nimewahi kutukanwa na watu wengi, mwanangu, wengine kwa haki. Hakuna tusi lililonipata mahali lilipofika neno lile. Nikainuka nikaanza kuokota mananasi, moja moja, nikiwa nalia bila kujificha.

Fundi wa baiskeli wa pale Fukayosi ndiye aliyekuja akaziweka nati kiganjani akanionyesha midomo yake ilivyoliwa. Alinifundisha bila kunicheka, na hilo nalo lilinichoma. Boliti mbili zilikuwa zimekatika, na zile nati hazikufaa tena popote. Tukampa ujumbe dereva wa lori lililokuwa likielekea Bagamoyo: rafiki yangu apelekewe habari, aje na rimu zake za zamani, boliti mbili na nati za kutosha.

Alifika baada ya alasiri, amekaa juu ya magunia matupu ya mkaa, na rimu zake nne zenye kutu. Mposaji kwenye njia ya posa yake mwenyewe, kanzu imekunjwa mpaka magotini. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimsaidia fundi kufunga magurudumu yote, kisha akasema yeye hawezi kwenda mbele zaidi, hiyo si desturi, atabaki kuitengeneza meza ya watu. Tukamwacha pale anatafuta misumari.

Lugoba tulifika jua likiwa limeinama. Bibi yake yule binti alitupokea kwa heshima zote, tukapewa chai, tukapewa pole. Lakini mwenye neno alikuwa amekwisha kuondoka.

Miezi minne, mwanangu. Miezi minne walii hakurudi. Katika miezi hiyo tulisikia mara mbili kwamba wale wabisha hodi wengine wamekwenda tena. Rafiki yangu aliacha kuja barazani. Tukikutana njiani alinisalimu vizuri, salamu ya mtu asiyetaka ugomvi na asiyetaka urafiki. Nami nikaenda barazani siku moja nikawasimulia wenzangu kila kitu, jinsi mzee alivyouliza habari za nati nikamcheka, nikawaomba wasiniite tena Daktari. Baadhi yao walicheka. Waache. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wangu ulikuwa umekwisha kujikwaa.

Walii aliporudi, mama yake rafiki yangu akaniita. Nilikwenda nimejiandaa kwa lolote.

"Jumamosi tunakwenda Lugoba," akasema. "Utatuendesha."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Wengine bado hawajui nati inavyofunguka."

Alfajiri ya Jumamosi hiyo nilizifungua nati zote kumi na sita, nikazitazama moja moja, nikazifunga tena kwa mkono wangu. Fukayosi nilisimamisha gari bila kuambiwa na mtu. Mjomba naye akashuka, akanishikia spana, na alipoona namaliza gurudumu la nne akanipiga bega taratibu. Hakuwahi kuniambia "nilikuuliza". Mpaka amefariki hakuniambia. Tulipofika kwa mama wa mananasi tukasimama tena, tukamsalimu, akatuzungukia gari lote akitazama chini. "Leo mmekuja na magurudumu yote?" akauliza, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Meza yake ilikuwa bado ni ile aliyoitengeneza rafiki yangu.

Lugoba tulifika kabla ya adhuhuri, na posa ikapokewa. Baadaye ndipo tulipoambiwa kuwa binti mwenyewe, katika miezi ile yote, alikuwa akimwambia bibi yake: posa ya Bagamoyo ilikwisha fika, iliyochelewa ni miguu tu.

Najua umekwisha kumjua, mwanangu, maana mama yako hajapata kuficha kwao ni wapi. Ndiyo. Rafiki yangu ni Mansuri, baba yako. Binti ni Rehema, mama yako. Aliyenichutamisha kandokando ya barabara ni bibi yako, ambaye jina lake amepewa dada yako. Hukusimuliwa kwa sababu baba yako amenisitiri miaka yote hii, na sasa nimejivua mwenyewe. Wewe, na ndugu zako, na hata hilo gari unalolipenda kuliko chakula, mlikuwa kwenye leso ile nyeupe ndani ya koti la mjomba, na mimi kidogo niwapoteze kwa kuwa sikutaka kuweka kikombe chini.

Kwa hiyo sikiliza nasaha yangu. Kuingia si kufaa. Kitu kinaweza kuingia, kikakaza, kikang'aa, na kisifae, iwe ni nati au ni jambo jingine lolote. Ukiulizwa na hujaona, sema "sijaona". Neno hilo halijawahi kumpunguzia mtu heshima, ila ujanani tunadhani hivyo. Anayekuuliza juu ya gari hakuulizi juu ya gari. Anakuuliza juu ya mama yake atakayekaa nyuma na mke wake atakayekaa mbele, na juu ya mtu asiyemjua aliyeinama kando ya barabara akiokota nanasi. Hiyo ndiyo amana, usiile. Na gari likisema, shuka, hata kama unachelewa kwenye posa.

Yule kijana wa Saadani nimempigia simu. Nimemwambia asifunge kitu, alete gari na shokapu zake hapa Ijumaa, baada ya swala. Njoo na wewe, ukamwombe radhi kwa jibu lako, kisha tuingie chini ya gari pamoja. Nitakuwa nimekwisha vaa makubadhi. Kahawa tutakunywa baadaye.

Mwenyezi Mungu akuepushe na jina kubwa kabla ya wakati wake, azilinde safari zako na za wote utakaowabeba, na akujaalie, mwanangu, ulimi mzito na miguu myepesi. Amin.